Saa ya Upasuaji na Hatima ya Goti: Somo kwa Wagonjwa wa Milima ya Uluguru na Wanaowahudumia

Katika vijiji vya Mgeta, Bunduki, Kinole na Matombo, goti ni nyenzo ya kujipatia riziki. Mashamba yameegemea miteremko mikali, na njia ya kutoka nyumbani kwenda shambani, kisimani au barabarani ni ya kupanda na kushuka. Mkulima anayeteremka na mzigo wa kabichi au mkungu wa ndizi huyaelemeza magoti yake kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na kushuka huyaumiza magoti mabovu kuliko kupanda. Kwa hiyo mtu wa milimani ambaye goti lake limeharibika hupoteza shamba, soko na ibada kwa wakati mmoja, ingawa bado ana afya katika viungo vingine vyote.

Baadhi ya wagonjwa hao hufikia hatua ya kupewa rufaa ili wabadilishiwe goti. Wakiisha kupangiwa siku, swali linalofuata ni la saa. Je, anayeingia chumba cha upasuaji asubuhi hupona vizuri zaidi kuliko anayeingia mchana? Swali hili si la kipuuzi. Mgonjwa akiamini kwamba zamu ya mchana ni ya bahati mbaya, anaweza kuikataa nafasi aliyoisubiri kwa muda mrefu na kurudi nyumbani na maumivu yake. Mtumishi wa afya naye akiamini kwamba saa haina maana yoyote, anaweza kuyaacha madhara yanayozuilika yampate mgonjwa. Makala haya yanaeleza yale yanayofahamika juu ya jambo hili, na namna ya kuyatumia.

Goti hubadilishwa kwa nini?

Ncha za mifupa inayokutana katika goti hufunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza na kuzuia mifupa kusuguana. Umri, uzito mkubwa, kazi nzito, majeraha ya zamani na urithi huchangia kulisaga tabaka hilo. Mgonjwa huanza kwa kusikia maumivu anapotembea, kisha hupata ukakamavu anapoamka, na hatimaye goti hupinda na kushindwa kunyooka. Tiba ya kwanza ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, dawa za maumivu na kutumia fimbo. Tiba hizo zikishindwa, daktari bingwa wa mifupa huondoa nyuso zilizosagika na kuweka za chuma na plastiki ngumu.

Katika Tanzania, upasuaji huu hufanywa katika hospitali zenye mabingwa na vifaa maalumu, ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoko Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa mkazi wa Uluguru safari hiyo si fupi. Hata hivyo, tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, sehemu ya tambarare ya safari hiyo imekuwa nyepesi. Sehemu ngumu iliyobaki ni ile ya kutoka mjini Morogoro kupanda mlimani.

Saa iliyo ndani ya mwili

Mwili wa binadamu una saa yake. Kiini kidogo kilichomo ndani ya ubongo hupokea habari za mwanga kutoka machoni na kuziratibu saa ndogo zilizomo karibu katika kila seli. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017 kwa kugundua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo.

Kwa sababu ya saa hiyo, mwili wa alfajiri si sawa na mwili wa jioni. Joto la mwili hushuka kabisa kabla ya mapambazuko na kupanda kufikia kilele alasiri au jioni. Homoni ya kotisoli huwa nyingi karibu na wakati wa kuamka. Damu huwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuganda saa za asubuhi, na shambulio la moyo hutokea zaidi katika saa hizo hizo.

Hata kupona kwa jeraha hufuata mwendo huo. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa 118 walioungua moto. Majeraha yaliyopatikana kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi yalichukua wastani wa siku 28 kupona, ilhali yale ya mchana yalichukua siku 17. Seli zinazojenga upya ngozi zilionekana kusogea kwa kasi zaidi mchana kuliko usiku.

Ushahidi uliovuta macho ya madaktari wengi wa upasuaji ulitoka Lille, Ufaransa, mwaka 2018. Wagonjwa 596 waliobadilishiwa valvu ya moyo waligawanywa sawasawa kati ya waliofanyiwa asubuhi na waliofanyiwa mchana. Katika siku 500 zilizofuata, asilimia 18 ya wale wa asubuhi walipata madhara makubwa ya moyo, na kwa wale wa mchana ilikuwa asilimia 9. Katika upasuaji huo, basi, mchana ndio uliokuwa bora.

Saa iliyo ukutani mwa hospitali

Mwelekeo hubadilika inapotazamwa saa ya pili, ile ya kazi. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha uchambuzi wa operesheni zaidi ya 90,000 wakitafuta matukio mabaya yanayohusiana na usingizi na ganzi. Uwezekano wa matukio hayo ulikuwa mdogo kabisa, takriban asilimia 1, kwa operesheni zilizoanza saa tatu asubuhi. Kwa zile zilizoanza saa kumi alasiri ulifikia asilimia 4.2. Mengi ya matukio yaliyoongezeka hayakuwa vifo; yalikuwa kichefuchefu, kutapika na maumivu yasiyotulizwa ipasavyo.

Kwa nini alasiri? Watumishi huwa wamechoka, zamu hubadilishana, na habari za mgonjwa hupita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mgonjwa naye huwa amekaa na njaa na kiu kwa muda mrefu. Orodha ya operesheni iliyochelewa asubuhi humfanya kila mtu awe na haraka mchana.

Matokeo ya Lille na ya Duke yakiwekwa pamoja, fundisho lake ni moja. Hakuna saa moja iliyo njema kwa kila upasuaji. Saa ya mwili na saa ya hospitali hufanya kazi pamoja, na uzito wa kila moja hutegemea kiungo kinachotibiwa.

Kwa upande wa goti, nini huonekana?

Katika upasuaji wa goti, tofauti iliyo dhahiri zaidi kati ya asubuhi na mchana ni muda wa kukaa hospitalini. Wanaofanyiwa asubuhi huwa na nafasi kubwa zaidi ya kutembea siku ile ile na kuruhusiwa mapema. Sababu yake inaeleweka bila kutafuta siri ya mwili.

Wagonjwa wengi wa goti hupewa ganzi ya uti wa mgongo. Ganzi hiyo huifanya miguu isiwe na nguvu kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya mbili na nne. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji saa tano asubuhi hurudiwa na nguvu za miguu mapema alasiri. Mtaalamu wa fiziotherapia bado yupo kazini. Humwinua, humsimamisha na kumtembeza hatua chache akiwa ameshika fremu. Mgonjwa aliyetoka saa kumi alasiri hurudiwa na nguvu usiku umekwisha kuingia. Mtaalamu amekwenda nyumbani, wauguzi ni wachache, nao huogopa asianguke. Hulala kitandani hadi kesho yake.

Saa kumi na mbili au zaidi za kulala bila kusogea si jambo dogo baada ya upasuaji huu. Damu hutuama katika mishipa ya mguu na inaweza kuganda. Goti huvimba na kukakamaa. Misuli ya paja husinyaa, na mgonjwa huanza kuuogopa mguu wake. Kinachomdhuru mgonjwa wa mchana, kwa sehemu kubwa, ni kwamba mpango wa kumwinua umetungwa kwa ajili ya mgonjwa wa asubuhi. Habari hii ni ya kutia moyo, kwa maana mpango unaweza kurekebishwa.

Njaa, kiu na lugha ya saa

Kosa lililozoeleka mahali pengi ni kuwaambia wagonjwa wote maneno yale yale: "Usile wala usinywe kitu kuanzia saa sita usiku." Kwa anayeingia saa mbili asubuhi, agizo hilo humweka na njaa kwa saa nane. Kwa anayeingia saa nane mchana, humweka na njaa na kiu kwa saa kumi na nne. Huyu wa pili huingia akiwa amepungukiwa maji, akiumwa kichwa na akiwa na wasiwasi; shinikizo lake la damu hushuka kwa urahisi zaidi anapopewa ganzi, na hutapika kwa urahisi zaidi baadaye.

Miongozo ya kimataifa ya usingizi huruhusu mtu mzima asiye na tatizo maalumu la tumbo kula chakula chepesi hadi saa sita kabla ya ganzi, na kunywa maji matupu hadi saa mbili kabla yake. Chakula chenye mafuta mengi huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa wa saa nane mchana angeweza kupata mlo mwepesi kabla ya saa mbili asubuhi na maji hadi saa sita mchana. Uamuzi wa mwisho ni wa mtaalamu wa usingizi, kwa kuwa ndiye anayeijua hali ya mgonjwa na mabadiliko ya orodha ya siku hiyo.

Hapa lugha yenyewe huweza kuleta hatari. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, lakini majalada ya hospitali huandikwa kwa saa ya kimataifa. Kikaratasi chenye maandishi "6:00" humaanisha alfajiri kwa muuguzi aliyekiandika, na adhuhuri au usiku wa manane kwa mzee anayekisoma. Mmoja atakosa dawa, mwingine atakula wakati usiofaa na operesheni yake kuahirishwa. Agizo salama ni lile linalotamka saa pamoja na wakati wa siku, yaani "saa kumi na mbili asubuhi, jua linapochomoza," kisha mgonjwa au ndugu yake akaombwa alirudie kwa maneno yake mwenyewe.

Wagonjwa wa kisukari wanastahili uangalifu wa pekee. Njaa ndefu inaweza kushusha sukari yao, na wasiwasi wa upasuaji unaweza kuipandisha. Ndiyo maana huwekwa mwanzoni mwa orodha kila inapowezekana. Mgonjwa wa kisukari aliyepangiwa mchana ana haki ya kuuliza kama anaweza kutangulizwa, na lazima aelezwe dawa ipi aiache na ipi aendelee nayo siku hiyo.

Fundisho lililopitia Ifakara

Mkoa wa Morogoro una nafasi yake katika historia ya usalama wa upasuaji duniani. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, orodha ya usalama wa upasuaji iliyotungwa chini ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali. Mojawapo ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, Manila na New Delhi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa jumla ya hospitali hizo, madhara makubwa yalipungua kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Orodha hiyo haikuhitaji mashine. Ilihitaji watu wasimame katika nyakati tatu: kabla ya ganzi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Walitamka jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, mzio wa dawa, na kama dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa.

Uchunguzi huo haukuhusu magoti peke yake, lakini maana yake kwa somo hili ni kubwa. Uchovu wa alasiri hula kumbukumbu. Orodha inayosomwa kwa sauti huilinda. Dawa ya kuzuia maambukizi ni mfano mzuri. Kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya kukata ngozi. Iwapo ilitolewa wodini saa mbili asubuhi na operesheni ikasogezwa hadi saa sita mchana, nguvu yake imekwisha kupungua wakati inapohitajika zaidi. Mtu aliyechoka hukumbuka tu kwamba ilitolewa. Orodha humlazimisha aulize ilitolewa saa ngapi.

Yanayowapasa watumishi wa afya

Hospitali haiwezi kuwafanyia wagonjwa wote asubuhi. Inaweza, hata hivyo, kupanga orodha kwa busara. Wenye kisukari, wazee dhaifu na wanaotarajiwa kuruhusiwa mapema watangulie. Mabadiliko yoyote ya orodha yafike wodini mara moja, ili mgonjwa aliyesogezwa mbele apewe maji ya kunywa kwa muda unaoruhusiwa.

Kwa mgonjwa wa mchana, mambo matatu yatamfikisha karibu na mwenzake wa asubuhi. Kwanza, wauguzi wa zamu ya usiku wafundishwe kumkalisha kitandani, kumshusha miguu na kumsimamisha kwa msaada wa watu wawili, baada ya kuhakikisha kwamba nguvu za miguu zimerudi na shinikizo la damu ni zuri. Pili, dawa za maumivu zitolewe kabla ganzi haijaisha. Maumivu yaliyoachwa yapande usiku huwa magumu kuyashusha. Tatu, mwenye zamu inayoondoka aandike saa kamili ya ganzi, ya dawa ya maumivu na ya dawa ya kuzuia damu kuganda, ili dozi inayofuata isikosewe.

Mgonjwa mwenyewe ana wajibu wake. Tangu miguu inaporudiwa na hisia, hata kama ni usiku, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara nyingi kila saa, akaze misuli ya paja na kuilegeza, na avute pumzi ndefu. Mazoezi hayo hayahitaji mtaalamu wala mwanga wa jua.

Kurudi mlimani

Kipimo cha mwisho cha goti jipya ni njia ya nyumbani. Kabla ya kuruhusiwa, mkazi wa Uluguru anapaswa kufundishwa kupanda na kushuka ngazi, kwa kuwa mteremko ndio sakafu yake. Kanuni ni rahisi: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia, wakati wa kushuka, mguu uliopasuliwa hutangulia pamoja na gongo. Katika safari, akiwa kwenye treni au gari, achezeshe vifundo vya miguu na kusimama kila inapowezekana.

Nyumbani pia saa ina kazi yake. Asubuhi goti hukakamaa, hasa katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti. Mazoezi ya kwanza yawe ya polepole, yafanywe kama nusu saa hivi baada ya kunywa dawa ya maumivu. Umande hufanya vijia viteleze, kwa hiyo matembezi ya nje yangoje ardhi ikauke. Jioni goti huvimba zaidi. Hapo ni wakati wa kulala na kuinua mguu juu ya mto. Mto huo uwekwe chini ya kifundo, usiwekwe chini ya goti, ili goti lisizoee kukunjamana.

Kuna jambo moja ambalo halina saa ya kungojea. Maumivu na uvimbe wa ghafla katika shavu la mguu, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, homa, au usaha kutoka kwenye kidonda ni dalili za hatari. Mara nyingi watu wa milimani huahirisha safari ya usiku hadi kuche, kwa sababu njia ni mbaya na usafiri ni wa shida. Kwa dalili hizi kungoja kunaweza kugharimu mguu au uhai. Familia ipange mapema ni nani atakayembeba mgonjwa, pikipiki au gari gani litaitwa, na kituo kipi cha afya kilicho karibu, kabla mgonjwa hajarudi kutoka hospitalini.

Muhtasari

Saa ya upasuaji ina athari, lakini haiamui peke yake hatima ya goti. Sehemu kubwa ya ubora wa asubuhi hutokana na mambo ambayo binadamu huyapanga: mgonjwa asiye na kiu, watumishi wasiochoka, na mtu wa kumwinua ganzi inapoisha. Mgonjwa aliyepangiwa mchana asiikatae nafasi yake kwa hofu. Aulize maswali matatu: nile na kunywa hadi saa ngapi, nani atanisimamisha leo jioni, na dawa yangu ya maumivu inayofuata ni ya saa ngapi? Wodi inayoweza kuyajibu maswali hayo matatu imekwisha kumpunguzia sehemu kubwa ya hasara ya kufanyiwa upasuaji alasiri.